Queenie wa Picha ya Kwanza

Niseme mapema tusije tukagombana baadaye: Queenie Sturgess hakuwa mgonjwa hata siku moja. Hakukosa usingizi, hakukosa hamu ya kula, na mishipa yake ya fahamu ilikuwa imara kuliko reli ya Penge Mashariki. Katika mtaa wetu wa Tansley hakukuwa na mtu mwenye kicheko kikubwa kama chake. Aliwahi kutolewa sinema kwa kucheka, na filamu yenyewe ilikuwa imefika kwenye mazishi. Hata hivyo nusu ya akina mama wa Uingereza walimjua kuwa ni yule mwanamke aliyechoka, macho yameingia ndani, ameinamia beseni la vyombo huku akiwaza, "Mbona sina nguvu kama wenzangu?"

Aliyeyaanzisha ni Bwana Aubrey Pettifer. Alikuwa mchoraji wa matangazo ya majarida, mwanamume mrefu mwenye haya, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho wa mtaa na kufanya kazi darini, akishuka kwa ajili ya chai na mazishi tu. Queenie alikuwa akimsafishia nyumba. Siku moja ukungu ulikaba London yote, na msichana wa kukaa mbele ya mchoraji, aliyekodiwa kutoka mjini, akashindwa kufika. Bwana Pettifer akatoka chumbani akishika kichwa, akamkuta Queenie amepiga magoti kwenye ngazi, kitambaa mkononi, ameduwaa.

"Usisogee!" akapiga kelele. "Tafadhali, Bi Sturgess, usisogee. Uso huohuo!"

"Uso gani tena?"

"Huo wa kukata tamaa."

"Nani kakata tamaa, Bwana Pettifer? Nawaza maini na vitunguu."

"Basi endelea kuyawaza hayo maini."

Ndivyo lilivyozaliwa tangazo la Pomfret, kinywaji cha unga cha kurudisha nguvu, ambacho kwa maoni yangu kilikuwa na ladha ya chaki na utomvu. Kila toleo la jarida lilikuwa na vijipicha vinne. Cha kwanza, Queenie na beseni. Cha pili, rafiki mwema anakuja na ushauri, na rafiki mwenyewe ndiye mimi, Dot Hanmer, mwenye duka la nyuzi za kufuma: nimevaa kofia yenye unyoya, kidole juu, nasema, "Mpenzi, umejaribu Pomfret?" Cha tatu, kikombe kinachofuka moshi. Cha nne, mwanamke mwenye nguvu mpya anacheza dansi na mumewe, meno yote nje. Huyo wa nne hakuwa Queenie. Alikuwa kisichana cha mjini chenye kiuno cha nyigu. Mume, katika picha zote, alikuwa Reg wangu, karani wa ofisi ya gesi, ambaye Bwana Pettifer alisema ana kidevu cha kuaminika. Siku za kuchora picha ya nne nilikuwa napanda darini na sweta langu, nakaa kwenye kona nafuma, ili mikono ya Reg isisahau kwao.

Wasomaji wa majarida wa nchi hii ni watu wa ajabu. Wachoree mwanajeshi ukakosea kifungo kimoja, utaandikiwa barua na makanali kutoka pande zote, waliostaafu na waliokaribia kufa. Bwana Pettifer aliwahi kuchora birika la chai mdomo ukiwa umeelekea upande usiopasa, na mwanamke mmoja wa Cheltenham akamwandikia kwamba hakulala. Lakini miaka yote ya Pomfret hakutokea mtu hata mmoja wa kuuliza imekuwaje mama wa makamo anywe kikombe kimoja tu, kisha aamke na pua nyingine na macho yamegeuka kutoka kahawia kuwa buluu. Hilo walilimeza bila maji.

Queenie mwenyewe alilichukulia kwa furaha. Watu asiowajua walimshika mkono ndani ya basi na kumuuliza kama amejaribu kulala mapema. Mwanamke mmoja wa Leeds alimtumia soksi za sufu. Muuza samaki wetu alimwongezea kipande cha hadoki kila Ijumaa kwa kumhurumia.

"Si umwambie ukweli?" nikamwambia.

"Dot, shoga yangu, mtu anayekuongezea samaki hasahihishwi."

Alizaliwa Deptford, mtoto wa saba wa mpakia mizigo bandarini. Alianza kazi kwa dobi akiwa bado anavaa viatu vya dada yake, akaolewa na Alf Sturgess, dereva wa lori la makaa, mtu mpole aliyekuwa akipiga mluzi hata kanisani. Vita vikaja. Bomu moja likamchukua Alf, nyumba, piano ya kuazima na picha zote walizowahi kupiga. Queenie alitoka pale na binti yake Beryl na birika lisilo na kifuniko. Niliwahi kumuuliza aliwezaje kurudi kucheka baada ya pale. Akasema, "Alf alinioa kwa ajili ya hicho kicheko. Sasa nikiache, nimwambie nini tukikutana?" Hiyo ndiyo mara pekee tuliyolizungumza.

Beryl akakua, akaolewa na Clive, fundi bomba, nao wakapanda meli kwenda Australia kama wengi wa rika lao. Mjukuu, Lynette, alizaliwa hukohuko Adelaide, na bibi yake hakuwahi kumtia machoni. Sasa, mtoto ataonyeshwa bibi yake vipi, na picha zote ziliungua? Beryl akaona rahisi. Jarida letu linafika Australia kwa meli. Akawa anakata picha ya kwanza ya Pomfret na kuibandika ukutani karibu na kitanda cha mtoto. Huyo hapo, Nana. Huyo tena, Nana. Ukuta mzima Nana, na kila Nana ana beseni na huzuni.

Masika ya mwaka 1955 Beryl aliandika habari hiyo kwa utani. Queenie akanisomea barua dukani, amekaa kwenye kiti cha wateja, huku nikipima sufu ya buluu. Lynette, umri wa miaka minne, alikuwa amekataa kumwambia Nana usiku mwema. Alimpa jina la Nana Analia. Taa ikizimwa alitaka picha zigeuziwe ukutani.

Queenie akaangua kicheko, kikapanda hadi darini, kisha kikakatika katikati. Akaikunja barua taratibu.

"Dot," akasema, "mtoto ananiogopa."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia sauti ile. Nilisahau nimefikia wapi kupima.

"Basi tumtumie picha ya kweli," nikasema. "Reg ana kamera."

Tulidhani ni jambo dogo. Jumapili tukamsimamisha bustanini kwangu, kwenye mawaridi. Reg akasema, "Haya Queenie, tulia hivyohivyo," na hapohapo, Mungu ni shahidi, uso ukaanguka. Mashavu yakashuka, nyusi zikakunjana, macho yakaenda mbali. Miaka ya Bwana Pettifer ilikuwa imeufundisha mwili wake: ukiambiwa utulie, huzunika.

"Tabasamu!" nikamwambia.

Ikawa mbaya zaidi. Picha zilipotoka, katika ile iliyokuwa na nafuu alifanana na mtu aliyeitwa na polisi kutambua maiti. Tulizituma hivyohivyo kwa sababu hatukuwa na nyingine. Beryl akajibu kwa adabu kwamba mawaridi ni mazuri sana.

Hapo ndipo Queenie alipopiga moyo konde akamwendea Bwana Pettifer. Nilikwenda naye, maana namjua Queenie: akifika mbele ya mtu mwenye haya humwonea huruma na kusahau shida yake.

"Bwana Pettifer," akasema, "nataka kuwa picha ya nne. Mara moja tu. Nina mjukuu."

Akamweleza yote. Bwana Pettifer alikuwa akifuta brashi moja muda wote huo, na ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Kampuni ya matangazo haitakubali, Bi Sturgess. Uso wako unajulikana. Ukionekana umefurahi mahali popote kwenye jarida, Pomfret watasema umepona bila wao."

"Basi nichoree pembeni, kwenye kipande cha karatasi. Nitakituma mwenyewe."

Alijaribu, na nisimnyime haki yake, alijaribu kweli. Alimkalisha dirishani, akachukua penseli, na Queenie akageuka Nana Analia palepale. Bwana Pettifer akangoja. Nikasema mzaha mmoja wa askofu na bata ambao siku nyingine ungemlaza sakafuni. Hata mdomo haukutikisika.

"Si unamjua!" nikamfokea. "Anakusafishia ngazi kila wiki. Mchore kwa kichwa!"

"Siwezi kuchora nisichokiona, Bi Hanmer," akasema, masikio yamemwiva. "Na mimi... sijawahi kumwona Bi Sturgess akicheka. Namsikia tu, kutoka chini."

Niliteremka zile ngazi nimekasirika hadi kofia ikanipanda kichwani. Mtu anaishi na jua ndani ya nyumba, anafunga mlango wa dari!

Sasa mjue kwamba katika mtaa wetu Krismasi ilikuwa Julai. Toleo la Krismasi la jarida lazima litoke Novemba mapema ili meli ziwahi kulifikisha kwa ndugu zetu walio mbali, na kabla ya hapo lichapwe, na kabla ya hapo lichorwe. Kwa hiyo kila Julai Bwana Pettifer alitukusanya sebuleni kwake, sisi majirani, tumevaa sufu na kofia za karatasi, kwa ajili ya picha kubwa ya kurasa mbili za katikati: familia mezani. Mwaka ule joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Muuza aiskrimu, Mtaliano, alipita na baiskeli yake, akatuona dirishani tumejifunga skafu shingoni, akafanya ishara ya msalaba.

Bata mzinga hapatikani Julai. Wetu alikuwa wa plasta, amepakwa rangi ya kahawia na vanishi. Cope mwenye bucha alimweka dirishani kwake miaka yote ya mgao wa nyama ili tusisahau sura yake, na mgao ulipokwisha akatukopesha. Pudini, ile keki nzito ya matunda makavu, ilikuwa ya kweli. Queenie hupika mbili kila Krismasi na kuweka moja kabatini, nayo hukaa mwaka mzima ikizidi kuwa nyeusi na kulewa. Kazi yake siku ile ilikuwa kuingia nayo imemwagiwa brandi na kuwashwa moto, mgongo kwa wasomaji.

"Mgongo?" nikauliza.

"Ndiyo makubaliano na kampuni," Bwana Pettifer akajibu, akiangalia viatu vyake.

Isitoshe, Jumapili iliyotangulia Queenie alikuwa amekwenda Margate kuota jua, akarudi na pua imeiva nyanya.

"Haidhuru," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na pua hii, bora mgongo." Lakini aliponipita nilimwona akijipanga kofia yake ya karatasi mbele ya kioo, akaigeuza hivi, akaigeuza vile. Hakuna anayejipamba hivyo kwa ajili ya kisogo. Nikajua bado anamngoja Lynette, na nikatamani kumpiga mtu na shingo ya bata wa plasta.

Tukakaa. Reg alikuwa baba wa familia, kichwani mwa meza, koti zito, kisu mkono huu na uma mkono huu. Mimi mama. Watoto wa Cope walikuwa watoto. Queenie akasimama mlangoni na sahani ya pudini, miali ya moto ya buluu inacheza juu yake, mgongo kwa mchoraji. Bwana Pettifer akaanza. Hakuna aliyetikisika. Jasho lilikuwa likinitiririka mahali ambapo mwanamke mwenye heshima hapataji.

Reg wangu ana tabia moja. Hawezi kushika kitu bila kukifanyia kazi. Mpe nyundo, atatafuta msumari. Alikaa mbele ya bata yule kwa muda, kisu mkononi, vanishi inanukia kwa joto, na nadhani akili yake ilikwisha kwenda Desemba. Ghafla akachoma uma, akaegemea kwa nguvu zake zote. Paja zima likakatika kwa kishindo, likaruka, likatua ndani ya sahani yangu. Ndani lilikuwa jeupe pe, na vumbi la plasta likapanda kwenye masharubu yake. Mtu mwingine angeomba radhi. Reg alifanya kile ambacho baba yake na babu yake walikifanya mbele ya kila bata wa Krismasi. Akanyanyua macho, akamwangalia Queenie kwa heshima zote, akauliza:

"Kidari au paja?"

Queenie alikuwa amegeuka kwa ule mshindo. Kwanza hakukutoka sauti. Kisha kicheko kikatoka. Kilianza chini kabisa, kikapanda, sahani ikatetemeka mikononi, miali ikacheza, kofia ya karatasi ikamshukia jicho moja, machozi yakateleza hadi kwenye pua ya Margate. "Paja!" akasema akivuta pumzi. "Paja, Reg, nina meno mabovu!" Akaendelea, na watoto wa Cope wakafuata, na mimi sina mbavu, nimeanguka juu ya viazi vya karatasi.

Nilimwona Bwana Pettifer kwa upande wa jicho. Alikuwa amesimama. Penseli ilikuwa ikikimbia kwenye karatasi yenyewe, hata hakuiangalia, alikuwa akimwangalia Queenie na mdomo wazi. Midomo yake ikaanza kusema, "Usiso—" Akajikamata. Akaiuma penseli ya pili aliyokuwa ameishika kwa meno, akanyamaza kimya kabisa. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Kisha Queenie akageuza kichwa, akamwona anamchora. Uso ukaanguka.

Tulirudi nyumbani pamoja, tumebeba sufu zetu begani.

"Aliwahi, Dot?"

"Sijui."

"Na hata kama aliwahi, atathubutu?"

Bwana Pettifer hakuwa mtu wa kuthubutu. Aliwahi kununua kabichi tatu kwa sababu alishindwa kumwambia muuzaji kwamba alitaka moja.

Agosti akajifungia darini. Septemba, kimya. Queenie hakutaka kuuliza, aliogopa jibu. Oktoba bwana mmoja wa kampuni ya matangazo alifika na gari jeusi, tai yake ya kipepeo, akapanda ngazi kwa hasira. Queenie alikuwa palepale na ndoo yake. Alisikia yule bwana akifoka muda mrefu, kisha sauti ndogo ya Bwana Pettifer ikisema, "Hapana." Yule bwana akafoka tena. "Hapana," ikasema sauti ndogo.

"Hapana ya nini?" nikamuuliza Queenie.

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa nakula kucha?"

Jarida likatoka Novemba. Nililinunua mwenyewe asubuhi, nikafunga mlango wa duka, nikalifungua katikati juu ya kaunta. Reg na kidevu chake. Mimi, nimepunguziwa kilo kadhaa, asante. Bata mzinga, miguu yote miwili. Na katikati kabisa, uso mbele, Queenie. Kofia kwenye jicho, mdomo wazi, pengo linaonekana, jasho kwenye paji la uso, pua nyekundu kama ilivyokuwa. Huwezi kuiangalia picha ile na kuuzuia mdomo wako. Nilisikia kicheko kinatoka kwenye karatasi.

Queenie alipokuja nikampa lile jarida.

"Mungu wangu, pua yangu!" akasema. Kisha akakaa juu ya furushi la sufu akalia, mashavu yameshuka na nyusi zimekunjana, sawasawa na picha ya kwanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso ule ukifanya kazi yake halisi. Nikamwekea chai.

Pomfret wakawafukuza wote wawili. Nafasi ya picha ya kwanza ikachukuliwa na mama mmoja wa Surbiton, aliyejitahidi, lakini ukimtazama unaona kabisa kwamba ametoka kula. Bwana Pettifer akaenda kuchora pakiti za mbegu, na akasema boga ni muungwana: unalichora lilivyo na halitumi mtu mwenye tai ya kipepeo. Alianza kushuka kunywa chai jikoni siku za Queenie. Mlango wa dari aliuacha wazi.

Wasomaji nao hawakututupa. Barua zilimiminika. Inawezekanaje mwanamke awe ameungua jua mwezi wa Desemba? Mbona mtu anatoka jasho na nje kuna theluji? Kanali mmoja alitaka kujua miali ile ya brandi ni buluu gani. Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Lakini tazameni mama yule anavyocheka." Bwana Pettifer alizibandika barua zote chooni.

Sisi hatukujali Uingereza ilisema nini. Tulikuwa tunangoja Adelaide. Beryl na Clive walikuwa wameagiza simu ya siku ya Krismasi, dakika chache tu, na simu pekee mtaani ilikuwa ya Bwana Pettifer, kwenye ukumbi wake wa mlangoni, mahali penye baridi kuliko bucha ya Cope. Kwa hiyo Krismasi ile tulikula kwake, bata mzinga wa nyama. Adhuhuri tulisimama ukumbini, Queenie amevaa koti lake la nje na glavu, pumzi yetu inafuka, barafu imechora kioo cha mlango. Huko kwao ilikuwa usiku na mtoto alikesheshwa kwa makusudi.

Simu ikalia. Opereta akaongea, kukapita mngurumo, kisha Beryl. Alikuwa akilia na kucheka pamoja, na sauti yake ilikuja ikienda.

"Mama, jarida limefika! Ngoja... ngoja, nampa Lynette. Sema, mpenzi. Ni Nana."

Queenie alinisogezea simu sikioni ili tusikie wote. Kilisikika kipumzi kidogo tu, upande wa pili wa dunia. Nilimwona Queenie amekaza macho kwenye barafu ya mlangoni. Alikuwa na hofu, na mimi pia.

"Nana?" sauti ndogo ikasema. "Pua yako imeungua kama ya Baba."

"Imeungua, kipenzi changu."

"Kwenu Krismasi kuna joto kama kwetu?"

Queenie akatazama pumzi yake inayofuka.

"Joto tele," akasema. "Natoka jasho hapa nilipo."

Kipumzi kikafikiri.

"Cheka basi."

Nikafumba macho. Mnajua kinachotokea akiambiwa. Nilipofumbua, mashavu yalikuwa yameanza kushuka, nyusi zinakwenda, na midomo yake ilitetemeka bila sauti. Simu inakula dakika. Bwana Pettifer aliyekuwa nyuma yetu akageuka ghafla akautazama ukuta, akatupa mgongo, ili asiwe anamwangalia. Mlango wa jikoni ukafunguka, Reg akatoka na eproni yangu, kofia ya karatasi, kisu mkono huu na uma mkono huu. Hakujua lolote. Alikuja kuuliza kwa sababu nyama ilikuwa tayari.

"Queenie," akasema, "kidari au paja?"

Kikatoka. Kilijaza ukumbi, kikapanda ngazi hadi darini, kikaingia kwenye ule waya na kwenda zake. Queenie aliegemea ukuta akishika simu kwa mikono miwili, na upande wa pili, katikati ya mngurumo, kicheko kidogo kikaanza kumjibu. Nacho kilianzia chini kabisa.

Kisha tukamsikia Lynette akimgeukia mtu chumbani mwao.

"Mama," alisema, "ni yuleyule."